Jicho Jipya la Kompyuta ya Sebuleni

Mtaani walimwita Sekunde, kwa sababu kila aliyempelekea saa aliambiwa, "Sekunde moja tu, itakuwa tayari," na saa ikalala kwake wiki nzima. Alifanyia kazi nyumbani, kwenye meza iliyosogezwa dirishani ili wateja wamfikie kutoka barabarani. Nyuma yake, sebuleni, alilala mama mkwe wake, aliyevunjika nyonga akaletwa kwa bintiye auguzwe.

Mke wa Sekunde alikuwa mwoka mikate, akitoka alfajiri. Kutwa wakabaki wawili, mkwe na mkwe, na heshima imesimama katikati yao kama ukuta. Chini ya televisheni palikuwa na kompyuta kuukuu iliyojaa filamu, lakini kubadilisha filamu kulitaka mtu ainame ashike kipanya. Bibi hakuweza kuinama, na kumtuma mkwewe aliona haya. Siku moja filamu ilijirudia mpaka jioni, naye akaitazama tu, kimya kama mgeni.

"Mbona hukumwita, mama?" bintiye aliuliza.

"Mkwe si mtu wa kutumwatumwa."

Sekunde alilisikia neno hilo, likamchoma. Akaazimia: mama atachagua mwenyewe, pale pale alipolala.

Akatafuta kioo chembamba cha kuonyesha maandishi, na kijicho cheusi cha kupokea ishara ya rimoti, kidogo kama punje ya maharage. Saa za watu zikangoja. Aliivua kompyuta kava la mbele, akachora mstari kwa ncha ya sindano, akakata, akasugua kwa tupa, akapuliza vumbi, akasugua tena. Akaunga waya kwa waya, pumzi ameibana. Kioo kilipowaka samawati na kuandika jina la filamu, alipiga ukelele hata mteja dirishani akaruka.

"Vipi, saa yangu imepona?"

"Saa gani tena? Chungulia humu uone maajabu!"

Jioni mke aliporudi, mashine ilikuwa imesharudishwa mahali pake. Sekunde akaenda kunawa mikono, maana hakutaka kumwonyesha mama kwa mikono michafu. Alipotoka, alikuta kompyuta imevikwa kitambaa cheupe cha kufuma, mashada yake yamening'inia mbele kama nywele za bibi harusi.

"Mama amekifuma kwa siri," mkewe alisema. "Zawadi ya mashine yako."

"Ah, mama, asante! Kimependeza kweli kweli!" Akaielekeza rimoti, akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena. Akabadilisha betri. Akaipiga rimoti kiganjani.

"Haya fundi, sekunde imekwisha," mkewe akamchokoza.

Sekunde akapiga magoti, akavaa lenzi yake ya saa jichoni. Ndipo akaona: nyuma ya mashada, kijicho kimefunikwa gubigubi. Aliweza kufungua saa ndogo kuliko ukucha, lakini kuivua zawadi ya mama mkwe mbele ya mwenyewe? Mkono ulinyanyuka, ukarudi.

"Mbona umeganda kama sanamu?" mkewe akauliza, kisha akainama kando yake. Akaangua kicheko. "Mama! Kitambaa chako kimeifumba macho!"

"Ndiyo hiyo tu?" Bibi akainuka kwa kiwiko. "Kiondoe basi! Baba, ungekesha hapo unaniogopa?"

"Nilikuwa... nautazama ufumaji wake, mama."

"Mwongo mkubwa. Lete hiyo rimoti."

Mkewe akakivuta kitambaa, na Bibi akaipokea rimoti kwa mikono miwili. Akabonyeza, na majina yakaanza kupita kwenye kioo, naye akiyasoma kwa sauti kama anayewaita watu mlangoni. "Hii ya ngumi, hapana. Hii wanalia mno. Hii nimeishiba mpaka puani!" Akacheka, akarudi nyuma, akaenda mbele, akachagua, akapandisha sauti hadi vioo vya dirisha vikatetemeka.

Sekunde alisimama katikati ya sebule, amekenua meno yote, macho hayabanduki kwenye yale maandishi.

"Baba," Bibi akasema, "sogea, unaniziba."

"Ndiyo, mama."

"Na uzime hiyo taa."

Ametumwa mara mbili, hata pumzi hajavuta. Aliiendea swichi nusura akimbie.