Nilimwambia mzee amesahau kuhesabu, kumbe samaki wa tangi walikuwa wanaliwa kweli

Wakuu, habari za saa hizi. Mwaka mzima nimekuwa nikisoma nyuzi zenu za samaki kimya kimya. Leo naandika, na sitaongeza chumvi, kwa sababu aibu iliyo humu ni yangu mwenyewe.

Niko Kakamega mjini, nashona nguo, naishi na babangu. Mzee alikuwa karani wa mizani ya miwa huko Mumias. Trekta ikiingia anaandika, ikitoka anaandika. Stroke ilimpata, mkono wa kulia ukalegea, nikamtoa nyumbani Musanda nikamleta kwangu.

Kukaa bure kulimmaliza. Hospitali wakaniambia apewe kitu cha kufuatilia kila siku.

Nikanunua tangi dogo la kioo, lita sitini hivi, nikaliweka mbele ya kiti chake. Nikatia guppy wanane na platy sita. Hao ni samaki wadogo, wapole, maji yao ni ya aina moja. Hapo sikukosea.

Mzee akabadilika. Kila asubuhi akishamaliza chai anahesabu, anaandika kwa kalenda ya ukutani kwa mkono wa kushoto. Kumi na nne. Kumi na nne. Mwandiko wa mtoto wa nasari, lakini unasomeka.

Sasa shida ikaingia na boda.

Baba mdogo alikuja kutuona kutoka Navakholo, ana kidimbwi cha samaki huko. Mnajua kwetu mgeni haji mikono mitupu, na alicholeta hukirudishi, sembuse akiwa baba yako mdogo. Alishuka na mtungi wa lita tano. Ndani kambare wawili, wale tunawaitanga mumi, urefu wa kiganja.

"Nimeskia ndugu yangu anafuga samaki," akasema. "Hawa watamchangamsha."

Nikashukuru, nikawamwaga kwa tangi. Sikujua chochote juu ya mumi, lakini ningesema nini mbele yake? Wakaenda nyuma ya jiwe wakatulia. Nikaona hao ndio wapole kuliko wote.

Mzee alikataa kuwahesabu. Alisema wageni hawaandikwi kwa rejista.

Siku chache baadaye akaniambia, "Mama, leo ni kumi na tatu." Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mamake.

Nikatupa jicho. Hakuna aliyeelea, hakuna aliyeruka nje. Nikamwambia mmoja amejificha tu.

Ikawa kumi na mbili. Ikawa kumi na moja. Mimi nina nguo za harusi za watu mezani. Nikamjibu bila hata kuinuka kwa cherehani: "Baba, umesahau. Stroke inafanyanga hivyo."

Wakuu, hayo maneno yananiuma mpaka leo.

Hakubishana. Aliandika siku zingine kadhaa kisha akaacha, akageuza kiti kikaangalia ukuta. Jumapili akaniambia, "Nirudishe Musanda. Nimehesabu miwa maisha yangu yote, sasa samaki wamenishinda. Kichwa kimeisha, acha ningojee nyumbani."

Nilienda jikoni nikalia.

Kesho yake nikatoa kalenda ukutani nione tarehe ya kliniki. Macho yakaangukia namba zake. Kumi na nne, kumi na tatu, kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na moja, kumi, tisa.

Nikasimama nazo. Mtu aliyechanganyikiwa angeandika tisa leo na kumi na tatu kesho. Hizi hazikupanda hata siku moja. Na zilianza kushuka siku mbili baada ya baba mdogo kuondoka.

Nikapiga magoti mbele ya tangi nikahesabu mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Saba. Nikaondoa jiwe. Mumi mmoja alikuwa na mkia wa guppy unachungulia mdomoni.

"Baba, ulikuwa sawa," nikamwambia. "Mimi ndiye sikuhesabu. Nisamehe."

Akanyoosha mkono wa kushoto. Kisha akasema, "Nipe biro. Na geuza hiki kiti."

Mumi nikawahamishia kwa pipa la maji ya mvua nyuma ya nyumba. Nilikuwa na wasiwasi juu ya baba mdogo, lakini mzee alisema zawadi haijarudishwa, imehamishwa ofisi. Walinenepa huko. Baba mdogo aliporudi tukawala pamoja na obusuma, ugali wetu, akasifu mchuzi, na alipoambiwa habari yote alicheka mpaka akashika mbavu.

Tangi nalo niliapa litajaa tena, na safari hii nitachagua kwa akili. Nikaenda kwa muuzaji na maswali yangu kwa karatasi. Akanipa goldfish, nikakataa, anakua mkubwa na anachafua maji. Akanipa angelfish, nikauliza akikomaa guppy hataingia mdomoni mwake? Akamrudisha. Akanipa betta dume, nikamwambia huyo atang'ata mikia ya wenzake.

"Dada, unanunua samaki ama unatafutia binti yako bwana?" akaniuliza.

Nikamwambia wote watakaa nyumba moja. Nikaondoka na guppy na platy tu, wakafika kumi na nne tena, pamoja na nyasi za majini.

Juzi mzee akaita, "Mama, kumi na tano."

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumwambia amesahau. Nikaufunga, nikaacha cherehani, nikapiga magoti. Nilihesabu mara tatu. Kumi na nne, kumi na nne, halafu katikati ya nyasi nikaona kitu kidogo kama punje ya wimbi, kina macho.

"Ni kumi na tano, baba."

"Najua," akasema, ameshaandika.

Nilichojifunza: kabla hujachanganya samaki, uliza mdomo wake utafika wapi akikomaa, hata kama ameletwa na mtu unayemheshimu. Na anayekaa mbele ya tangi siku nzima, msikilize kwanza.

Sasa nisaidieni. Natafuta samaki mdogo wa kuokota makombo chini, asiyekula wenzake. Mmeweka gani kwa tangi kama hili? Mzee ameshasogeza kiti nimsomee majibu yenu, na mjue atayahesabu.