Baba mdogo alitengeneza mashine ya kunyonyoa senene, sisi tukaigawana kama nyama

Wakuu, poleni na majukumu.

Atakayesema hii ni chai aseme tu, sitabishana naye. Nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho, na sehemu kubwa ya ujinga mtakaousoma hapa niliufanya mimi mwenyewe.

Kwa wasio wa Kagera: senene ni wale panzi tunaokula sisi Wahaya, wanakuja kwa msimu. Kuwala ni raha. Kazi ni kuwaandaa. Kila mmoja unamtoa mabawa na miguu kwa vidole, mmoja mmoja, mpaka gunia liishe.

Sasa baba yangu mdogo, Ta Deusi, alikuwa fundi umeme mstaafu hapa Nshambya, Bukoba. Mke wake, Ma Paskazia, ana ugonjwa wa viungo. Vidole vimevimba, kushika kikombe tu ni shida. Lakini msimu ukifika haambiliki, lazima akae chini anyonyoe.

Mzee akasema atamtengenezea mashine.

Tulimcheka miaka kumi na moja. Sitanii. Alichukua pipa la ndani la mashine ya kufulia, akatoboa matundu, akapachika vipande vya mpira wa tairi la baiskeli kwa safu. Pipa likizunguka, mipira inasugua senene, feni inapuliza mabawa nje.

Ikizunguka haraka unapata uji wa senene. Ikienda polepole wanatoka na miguu yao yote. Kila akikosea alibadilisha urefu wa mipira safu kwa safu, akaandika kwenye counter book. Yalifika matatu.

Msimu wa mwisho wa uhai wake ikakubali. Nililetewa sahani, nikakagua senene mmoja mmoja nikitafuta kosa. Walikuwa wazima na wasafi. Ma Paskazia alikaa kwenye kiti amekunja mikono, anacheka peke yake.

Kwaresima mzee akafariki.

Sasa hapa ndipo damu yangu inapoanza kuchemka.

Kwetu, matanga yakiisha ukoo unakaa. Mrithi anatangazwa, mali inagawanywa mbele ya watu, na yanaandikwa. Utaratibu mzuri tu, umezuia ugomvi mwingi. Mimi nilichaguliwa katibu kwa sababu eti nina mwandiko mzuri.

Mrithi akawa Projestus, mtoto wa kwanza. Akapata nyumba na kibanja. Hakuna aliyepinga.

Ilipofika kwenye mashine, mdogo wake Dioniz, anayeishi Muleba, akasimama. "Kaka ameshapata nyumba na migomba. Hiyo mashine kesho itamtajirisha, sisi tubaki tunapiga makofi?"

Dada yao Leokadia, aliyeolewa Izimbya, akamuunga mkono.

Wazee wakanong'ona. Mwenyekiti wa ukoo akatoa hukumu: igawanywe. Mota kwa Projestus, pipa kwa Leokadia, feni na fremu kwa Dioniz.

Wakuu, mashine nzima iligawanywa kama mbuzi. Paja kwako, kidari kwako. Na watu wazima wenye akili zao wakaitikia kwamba haki imetendeka.

Ma Paskazia alikuwa amekaa na wanawake upande wa pili. Hakuna aliyemuuliza chochote. Mimi pia sikumuuliza.

Wakaanza kugombania counter book. Kelele zikapanda, na mimi nilikuwa na njaa. Nikanyoosha mkono, nikasema, "Waheshimiwa, yako matatu na watoto ni watatu. Kila mmoja achukue lake."

Nilipigiwa makofi. Nikaandika kwenye muhtasari, wakasaini.

Simu ilikuwa mkononi, nimeshapiga picha nyingi tu za mrithi akisimikwa. Kurasa za mzee sikupiga hata moja. Mpaka leo najiona bwege.

Msimu mdogo wa mwezi wa tano ukapita. Ma Paskazia akaniita. Akanionyesha mikono, vidole vimekuwa vinene mpaka pete ya ndoa ilikuwa imekatwa.

"Mwanangu, Novemba inakuja. Wewe ndiye uliyeandika. Nenda ukanikusanyie mashine yangu, waitu."

Alisema "mashine yangu". Ndipo nikaelewa tulichokifanya.

Nikapata fundi mjini aliyekubali kuiunganisha upya. Akanipa sharti moja tu: vipimo vya mwisho vya mipira.

Nikaanza na Projestus. Mota ameifunga jiwe la kunolea mapanga. Akasema atairudisha wenzake wakianza. Counter book la kwanza alinipa, lina majaribio ya zamani yaliyoshindwa.

Nikaenda Izimbya kwa Leokadia. Pipa nikalikuta uani, kuku analalia mayai ndani. Na mipira yote ameing'oa! Nikamuuliza kwa nini. "Ilikuwa inamchoma kuku."

Kuku, jamani.

Ameikatakata, akaiunganisha kuwa kamba za mbuzi. Mbuzi wenyewe nimewaona. Kwa hiyo ile njia rahisi ya kupima mipira yenyewe ikafa pale pale.

Daftari lake alikuwa amelitunza vizuri, ndani ya sanduku pamoja na kitabu cha nyimbo. Hakutaka kunipa. "Si uliandika mwenyewe kwamba hili ni langu?" Nilipiga picha kurasa zote nikiwa nimesimamiwa kama mwanafunzi anayehisiwa kuibia mtihani. Ukurasa wa mwisho mzee ameandika: vipimo sahihi viko daftari la tatu.

La tatu lilikuwa Muleba kwa Dioniz.

Dioniz akaniangalia kwa mashaka. Kumbe alilizungusha kwa watu wiki kadhaa akitafuta mtu wa kulinunua, hakuna aliyelielewa. Na hapo marehemu naye nitamlaumu, Mungu anisamehe. Aliogopa kuibiwa design, akawa anaandika namba tupu. Hakuna kichwa cha habari, hakuna mchoro, hakuna jina lake.

"Nilimwachia Koku," akasema. Koku ni mke wake, anauza senene wa kukaanga stendi ya Muleba, pale mabasi yanaposimama.

Nikakimbilia stendi.

Koku alinipokea vizuri sana. "Karibu, shemeji, onja." Akachota senene, akanyoosha mkono kwenye kapu, akachana karatasi, akaikunja koni.

Kwa bahati ilikuwa gazeti. Nikamuulizia daftari.

"Lile la mahesabu? Karatasi yake ilikuwa nzuri, shemeji, haipitishi mafuta. Liliisha mwezi wa tano."

Alinitolea jalada na kurasa mbili zilizobaki zimeshikamana na uzi. Nilipomweleza lilikuwa nini akaacha kucheka, akakaa chini kwenye ndoo. "Mae! Mbona hakuna aliyeniambia? Mimi niliona namba tu. Na mume wangu alisema halina maana." Nilishindwa kumgombeza. Angeambiwa na nani? Kikaoni tuliamua wanaume na watoto wa marehemu, wakwe walikuwa jikoni wanatupikia.

Kurasa mbili zile zina safu ya kwanza mpaka ya nne. Pipa lina safu saba.

Fundi alikata mipira mipya, akajaribu kubahatisha safu tatu zilizobaki. Tumepata uji. Baada ya wiki tatu ameniambia kwa upole nimtafute mtu mwingine.

Si kwamba vifaa vilikosekana: Projestus alikuwa amerudisha mota na Dioniz akaleta feni na fremu, wenyewe bila kusukumwa. Hata yule kuku amehamishwa. Kila kitu kiko kwa Ma Paskazia, isipokuwa zile kurasa zilizofungiwa senene.

Nilipomwambia hakunilaumu, heri angenilaumu. Aliuliza tu, "Kwa hiyo watu walifungiwa senene kwa karatasi za Deusi?" Nikasema ndiyo. Akaniomba nimletee ungo.

Funzo? Mkiwa na mzee anayehangaika na kitu stoo, msisubiri afe ndipo muone thamani. Kaeni naye, aeleze namba zake, pigeni picha. Na mkigawa mali, kwanza muulize kitu kinafanya kazi gani na kilitengenezwa kwa ajili ya nani. Haki ya kugawa sawa si haki kila mara. Wenye uzoefu wa mambo ya patent au urithi wa kazi kama hizi, nishaurini.

Lakini nimefungua uzi huu hasa kwa jambo moja.

Kama ulipita Muleba kwa basi mwezi wa tano ukanunua senene stendi, angalia kwenye begi, chini ya kiti cha gari, popote. Ni karatasi ya mistari, wino wa bluu, mwandiko umelala kushoto, namba kwa safu. Natafuta safu ya tano, sita na saba. Hata kama ina mafuta, hata kama ni nusu, piga picha uweke hapa.

Senene wameshaanza kuanguka Bukoba, na Ma Paskazia ameshaanza kunyonyoa kwa mkono.

Na wale mnaokuja kuuliza kwa nini sikupiga picha siku ile, endeleeni tu. Mimi mwenyewe najiuliza kila nikimwona ameshika ungo.