Nilivyokwenda Fungurume Kutafuta Jiko la Pili

Mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nilianguka kwenye moto wa mama yangu huko Kisenge. Ndivyo kifafa kilivyonianza. Mkono wa kushoto uliungua, vidole viwili vikagandana. Nyumbani nikapewa sahani yangu ya bati, mtu mwingine asiiguse, kwa sababu walisema ugonjwa huu unapita kwenye mate. Shuleni mwalimu akanirudisha nyumbani nikiwa darasa la pili. Kusoma kwangu kuliishia hapo. Mengine nimejifunza mwenyewe kwenye vibao vya barabarani na mifuko ya unga.

Sasa ninapika chakula cha kuuza Manika, hapa Kolwezi. Ninameza dawa kila asubuhi, na bado ninaanguka mara mojamoja. Wateja wangu wanajua. Mwaka jana mashofere wa makamio, yaani madereva wa malori, waliniambia kwamba Fungurume wanashindia biskuti na mkate mkavu. Nikataka jiko la pili huko.

Binti yangu Agnès alitaka aende yeye.

"Mama, utaanguka mu njia, nani atakulokota?"

"Atanilokota ule atanikuta. Mi njo napika, mi njo nitaenda."

Asubuhi, pale Manika, nilimwambia shofere wa basi dogo mbele ya watu wote: "Tata, mi niko na kifafa. Nikianguka, munilalishe ubavu. Musinitie kijiko mu kinywa." Kijana aliyekaa karibu nami akahamia nyuma. Nikaweka kapu langu mahali pake.

Njiani tulifuata makamio yaliyobeba shaba, polepole, tukila vumbi lao. Kando ya barabara magunia ya makala, mkaa wa kupikia, yalikuwa yamepangwa kama watu wanaongoja kitu. Mama mmoja wa kiti cha mbele aligeuka.

"Mama, na bwana ulipata?"

"Nilipata. Alikufa na malaria, hapana na mate yangu."

Akageukia mbele.

Fungurume nilifikia kwa Mama Béatrice, mjane ambaye wazee wake walitoka Kasai. Lupango yake, maana yake kiwanja, iko karibu na pale makamio yanapopumzika. Nilimwambia habari zangu zote kabla sijakaa, nikamwomba mahali pa jiko.

"Kifafa? Na unataka kupikia bantu?" Bantu, maana yake watu.

"Niko napika toka zamani. Bote beko bazima."

"Na moto?"

"Moto nitaufunga mu matofali."

Alifikiri kidogo. "Sawa. Kesho upike. Bashofere bakikula, kona ya mbele ni yako. Bakikataa, unarudia kwako."

Mchana ule nilijenga jiko kama lile la Manika. Nilipanga matofali na udongo mpaka kiunoni, nikatumbukiza mbabula, lile jiko dogo la makala, katikati, nikaacha ukingo wa matofali uwe juu kupita sufuria. Mtu akianguka, anagonga ukuta. Hagongi moto.

Kesho yake adhuhuri mashofere sita walikuwa kwenye benchi. Mimi ninasonga bukari, ndiyo ugali wetu. Kisha sikumbuki. Nilipofungua macho nilikuwa chini, nimelala ubavu, kichwa kizito. Sufuria ilikuwa juu ya moto, hakuna kilichomwagika. Mama Béatrice ndiye aliyenilaza vile. Sasa alikuwa kwenye ndoo, ananawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Nilimwona. Shofere mmoja mnene alikuwa ameshika mwiko wangu.

Nilikaa mpaka kichwa kikatulia, nikasimama, nikaangalia ndani ya sufuria.

"Ni nani ameharibisha bukari yangu? Iko mabonge tupu."

"Mama, ulikuwa chini! Ningeiacha iungue?"

"Mama yako hakukufundisha kusonga?"

"Alinifundisha kukula."

Wenzake wakacheka.

Nikaipakua hivyohivyo, na samaki na mboga ya lengalenga, kwenye sahani moja kubwa ya wote. Mama Béatrice akaniletea sahani ndogo, ya peke yangu. Niliiacha pale alipoiweka. Nikanawa, nikakaa kwenye benchi, nikatia mkono kwenye sahani kubwa. Mashofere wawili wakanyanyuka. Mmoja akatema mate chini. Wanne wakabaki. Yule mnene akanisogezea kichwa cha samaki. Walikula mpaka wakafuta sahani.

Mama Béatrice aliitazama sahani, akawatazama wale wawili wakiishia barabarani.

"Kona ni yako," akasema. "Lakini bukari usonge weye. Hapana huyu."

Siku ya kurudi nilimwambia shofere wa basi maneno yaleyale, mbele ya watu wote. Safari ile imenifundisha hivi: anayetaka kuondoka, mwache aondoke mapema, upate kumpakulia anayebaki.

Leo nina majiko mawili ya matofali, moja Manika, moja Fungurume; nikiwa huku, Agnès anasonga kule. Nina lupango yangu na nyumba ya vyumba vitatu, ya bati. Nina sufuria kubwa tisa na benchi sita. Ile sahani ya Kisenge ninayo pia. Kuku wangu wananywea maji humo.