Seif na Rafadha Iliyoua Injini ya Dada Yake

Saa moja na nusu asubuhi, katika karakana moja jirani na Newtown, Johannesburg, Seif Makame anainua rafadha ya boti hadi usawa wa jicho na kuizungusha kwa kidole. Panga lake moja limekunjwa na jiwe la Bwawa la Vaal. Bahari iko mbali, mwendo wa saa sita kwa gari.

Kabla ya kushika nyundo, anamuuliza mteja, "Unaipeleka maji ya wapi?"

Wateja humcheka. Seif, mwenye umri wa miaka 43, hacheki.

"Rafadha inasukuma maji nyuma, boti inakwenda mbele," anaeleza. "Kazi yote iko kwenye mwinamo wa mapanga. Ukiyasimamisha mno, injini inalemewa. Ukiyalaza mno, injini inazunguka kama kichaa na boti haisogei."

Joburg imepanda mita elfu moja na mia saba juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, injini hupungukiwa nguvu, kwa hiyo mafundi wa huku huyalaza mapanga kidogo ili kuzipunguzia mzigo. Seif amefanya hivyo miaka kumi na mmoja, kwa randi 350 kwa siku, hadi mkono ukazoea kutenda bila kumuuliza.

Mwaka juzi mkono huo ulimponza. Dada yake, Kidawa, mwenye boti ya kuvusha abiria kati ya Mkokotoni na Tumbatu, Zanzibar, alivunja rafadha. Seif akamtengenezea nyingine, akaing'arisha, akaituma. Mapanga aliyalaza vilevile. Kule pwani hewa ni nzito na injini ina nguvu zake zote. Ikazunguka kupita kiasi kwa miezi miwili, ikafa.

Kidawa akadhani nahodha wake, Karimu, hakutia oili. Akamfukuza.

"Dada aliponiambia injini ilikuwa inalia kama nyuki, nilijua papo hapo," Seif anasema, sauti ikishuka. "Nikanyamaza. Mimi ndiye fundi wa Joburg, ukoo mzima unanisifu. Nikamwacha mtu abebe kosa langu."

Kwenye rafu kuna rafadha mpya. Kitovuni, pale mapanga yanapokutana, amechonga neno moja: PWANI. Desemba anakusudia kuipeleka mwenyewe, pamoja na injini aliyoinunua mkono wa pili, na kukiri ana kwa ana. "Natamani Karimu ndiye aifunge."

Pitchou, Mkongomani anayefanya kazi meza ya pili, anazima mashine ya kusaga chuma. "Desemba, kaka Seif? Karimu anakula Desemba tu?"

"Eish, Pitchou. Usinivue nguo mbele ya mgeni huyu mwandishi."

"Mgeni ataondoka. Karimu atabaki."

Seif anaweka nyundo chini. Anafuta mikono taratibu, kidole kwa kidole, kisha anapiga simu. Kidawa anapokea upesi, anauliza habari za baridi.

"Baridi ipo, dada. Karimu yuko wapi siku hizi?" Anasikiliza. "Basi mtume mtu akamwite. Nina neno, nataka na yeye alisikie."

Anavuta kigoda, anaketi.

"Hapana, sikati," anasema. "Nangoja."