Shikamoo ya Jirani Yetu

Siku ile mbele ya ofisi ya shamba tulikuwa sita: mimi, wadogo zangu watatu, msimamizi mpya, na bibi wa chumba cha jirani, aliyekata mkonge pamoja na mama yetu tangu ujana wao.

Shamba, nje kidogo ya Kilosa, serikali ilikuwa imeliuza kwa mtu binafsi. Msimamizi aliletwa kutoka Mikumi, kijana ambaye nilimzidi miaka minne au mitano. Haukupita mwezi, kambi nzima ikawa inampa shikamoo. Wazee wenye wajukuu walivua kofia, wakasifu pikipiki yake, wakasifu hata mwandiko wake. Naye aliitikia marahaba bila haya. Jioni, kwenye vyumba vyao, walimcheka.

Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, zaidi ya miaka kumi nyuma, wazazi walipofariki, nikaingia kukata mkonge ili tusitawanywe kwa ndugu. Chumba chetu kilikuwa bado kwa jina la marehemu baba, na sasa majina yalikuwa yanaandikwa upya. Asiyeandikwa, anahama.

Siku ile nilimwambia msimamizi, habari za asubuhi. Hakuinua kichwa. Akasema vyumba ni vya watu wenye adabu, na mimi sijamwamkia. Nikajibu kwamba nimemsalimu kama ninavyowasalimu wadogo zangu. Akasema basi Jumamosi tuwe tumehama.

Mdogo wetu wa mwisho akaanza kulia. Ndipo bibi aliposogea. Huyu alikuwa mkali wa salamu. Mtoto akimpita kimya, alimrudisha alikotoka aje upya. Sasa yeye mwenyewe akapiga goti kwenye vumbi.

"Shikamoo, baba," alisema. "Wewe una moyo mkubwa, kila mtu anasema. Waandike hawa, ni wajukuu zangu."

"Marahaba," alijibu yule kijana, akaandika.

Wakati wa kurudi nilishindwa kumtazama bibi. Nikamwambia hakupaswa kufanya vile kwa sababu yangu.

"Goti langu mkonge ulishalipinda zamani," alisema. "La kwako liache. Ila siku nyingine, kabla hujanyooka, tazama nyuma yako wamesimama akina nani."

Katika chumba kile wadogo zangu wote walimaliza shule. Bibi nilimchotea maji kila alfajiri mpaka alipofariki, nikimwamkia kwanza kabla sijatua ndoo. Watu husema nilimtunza vizuri. Lakini maji ni maji tu. Shikamoo ile moja sijailipa.