Tulipoishukia Kibondo Mara ya Pili

Mama alikuwa ametolewa uvimbe tumboni kule Mwanza, na daktari alimkataza safari ndefu ya gari. Tukapewa nafasi kwenye ndege ndogo iliyopeleka dawa Kibondo. Mama alifungwa mkanda nyuma, kati ya maboksi; mimi nikakaa mbele, ubavuni kwa rubani, dada wa makamo aliyeongea kidogo.

Sikutulia tangu tuliporuka. Kila dakika niligeuka kumtazama mama, naye kila nikigeuka alikuwa amefumba macho, mkono tumboni.

Wingu lilikuwa limekalia vilima, kwa hiyo tulichelewa kushuka. Lilipoachia, kiwanja kilikuwa pale pale chini yetu, chekundu, kama ubao uliosimamishwa.

"Kinavyosimama hivyo maana yake tuko juu mno," rubani alisema. "Kikilala bapa, tuko chini mno."

Akapunguza nguvu ya injini, akainamisha pua. Mashamba ya mihogo yakaanza kutukimbilia. Nikashika kiti kwa mikono miwili. Mara akatikisa kichwa, akasukuma mkono wa injini mpaka mwisho, na ndege ikapanda tena ikinguruma.

"Kuna nini?" nikapiga kelele.

"Mteremko wetu mkali, kasi inazidi. Tungegusa katikati, changarawe ya kiwanja ingetuishia. Tunazunguka."

Mama akafumbua macho, akaniita mwanawe kwa Kiha. "Mwana wanje, mbona tunapaacha nyumbani?"

"Tunarudi, mama."

"Basi kaa vizuri. Unanichosha."

Mzunguko ule ulikuwa mrefu kuliko safari yote. Rubani alitupeleka mbali, akageuka, akaanza kushuka mapema, polepole. Alichagua sehemu moja mwanzoni mwa kiwanja, akaniambia niitazame kwenye kioo cha mbele: ikipanda, hatutakifikia kiwanja; ikishuka, tunapitiliza. Nikaikodolea macho. Ilipotaka kupanda, aliongeza injini kidogo tu, ikatulia. Ikawa inakua bila kuhama, mpaka magurudumu yakakwaruza changarawe.

Mama aliteremka kwa miguu yake, akamshika rubani mkono kwa mikono yake miwili.

"Urakoze, asante, mwanangu. Ile ya kwanza ungeweza kutua?"

"Labda, mama."

Mama akacheka, akashika tumbo kwa maumivu. Gari la kutupeleka nyumbani Busunzu lilikuwa halijafika. Yeye akakaa kwenye boksi, akaomba ndizi. Mimi nilizunguka ile ndege, nikazunguka tena, miguu ikigoma kutulia.