Karatasi Yangu na Mpira wa Baba

Kazi ya maabara ilinipa kiburi, sikatai. Zahanati za watu binafsi zilikuwa zimeanza kuruhusiwa tena, na ile ya Tegeta iliyoniajiri ilikuwa na hadubini na kabati la joto la kuoteshea vijidudu. Ubishi wowote wa nyumbani nilikuwaga naumaliza kwa neno moja: nimepima.

Baba alivimba tezi dume, mkojo ukaziba, akawekewa mpira wa kukojolea huku akingoja zamu ya kupasuliwa. Zamu yenyewe haifiki. Kila baada ya wiki mbili jirani yetu, dresa mstaafu aliyekuwa akifunga vidonda hospitali, alikuja kuubadilisha. Mipira ilikuwa miwili tu. Mmoja ukiwa kwa baba, wa pili mama anauosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, anauanika uani na kuufunika kanga, vumbi la kiwanda cha saruji cha Wazo lisiuguse. Kuuchemsha hataki, eti utalegea. Mie nauona kila siku unaning'inia pale, na sikusema kitu.

Kisha ikaja homa. Nilikuwa nimeshachumbiwa, na nilitaka baba aniozeshe mwenyewe, mkono wake ndani ya mkono wa bwana harusi, sio kumwachia baba mdogo. Nikapima mkojo wake. Vijidudu vikaota kwenye kisahani, nikavijaribia dawa, dawa ikaviua. Baba akameza vidonge siku saba, homa ikashuka, nikapima tena: safi. Nikaandika kwa mkono wangu, hakuna vijidudu vilivyoota, nikatia saini, nikampa mama.

Siku ya tano homa ikarudi. Vijidudu vile vile, na dawa ile ile inaviua kisahanini kama kawaida. Tukarudia dozi, homa ikashuka, ikarudi tena. Ndoa tukaisogeza mbele. Nilichanganyikiwa hadi nikamshuku baba anatema vidonge.

"Baba, unavimeza kweli?"

"Mwanangu, mie mtoto?" akanijibu, na meno yanagongana.

Nikamgeukia mama, nikamwambia hanawi mikono vizuri. Akaninunia siku mbili, na haki yake.

Daktari wetu wa zahanati ndiye aliyeniuliza huo mpira una umri gani. Nikaenda kuuchukua ule wa uani, nikaupasua kwa wembe. Nje unang'aa. Ndani una utelezi, kama wa ndani ya pipa la maji. Nikaloweka kipande kwenye dawa siku mbili, nikakikwangua, nikaotesha. Vikajaa kisahani kizima. Nikampelekea daktari avione.

"Vikishikamana vinajifunika utando," daktari akasema. "Dawa inavipata vya juu juu tu. Wewe ulikuwa unapima vinavyoelea kwenye mkojo."

Nikaitikia kama nimeelewa. Nyumbani nikajaribu kumweleza mama, nikakwama katikati, maana kijidudu kile kile, dawa ile ile, kinakufaje hapa na pale kisife? Mwishowe nikanunua mpira mpya, dresa akauweka, nikamwambia mama ule aliotolewa baba autupe. Homa ikaisha. Baba akaniozesha mwenyewe, na mie chumbani nikalia.

Mwezi wa pili wa ndoa nikaenda kuwasalimia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," akaitika kwa shida. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na amejifunika mablanketi mawili.

Nikamwuliza mama kawekewa mpira gani.

"Ule wake wa zamani. Niliuosha, nikauhifadhi. Huu mpya nao ulikuwa unahitaji kuoshwa."

"Mama, si nilisema utupwe?"

Hakugomba. Aliinuka, akafungua kabati, akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. "Soma," akasema. "Siku ulipoandika haya, mpira ulikuwa huo huo."

Nikasoma. Mkojo wa baba, tarehe, hakuna vijidudu vilivyoota, saini yangu. Nilitafuta neno moja la uongo nilikate, sikuliona.

"Sasa nimwamini nani?" mama akauliza, pole pole, bila hasira. "Wewe, au wewe?"

Nilikuwa bado nimeishika ile karatasi baba alipoomba blanketi la tatu.